Uwiano wa Gia za Difu na Ulaji wa Mafuta wa Pikapu Barabara Kuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wenye pikapu za tani moja, wanaofanya kazi kati ya Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Mbeya na Tunduma, huwauliza mafundi wao na huulizana wenyewe wakiwa sheli au gereji. Wengi wamesikia kwamba ukibadili difu gari litapunguza mafuta. Jambo hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una masharti, na masharti yenyewe yanategemea sana milima yetu na mizigo yetu.

Uwiano wa difu ni nini hasa?

Ndani ya difu, yaani kasha la gia lililo katikati ya ekseli na linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, zimo gia mbili zinazokutana kwa pembe. Ya kwanza ni pinieni, ambayo ni ndogo na huzungushwa na propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi. Ya pili ni krauni, ambayo ni kubwa na ndiyo inayozungusha ekseli za magurudumu. Ukigawanya idadi ya meno ya krauni kwa idadi ya meno ya pinieni, unapata uwiano wa difu. Krauni yenye meno 41 ikikutana na pinieni yenye meno 10, uwiano ni 4.100, yaani propela inazunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Toyota, ambazo ndizo pikapu unazozikuta kila kona ya mikoa hii, zimetumia jozi nyingi za namna hii: meno 43 kwa 12 (3.583), 41 kwa 11 (3.727), 43 kwa 11 (3.909), 43 kwa 10 (4.300) na 41 kwa 9 (4.556).

Namba ikiwa kubwa, gurudumu linapata nguvu zaidi ya kusukuma lakini injini inalazimika kuzunguka zaidi kwa mwendo uleule. Hiyo nitaiita difu ya nguvu. Namba ikiwa ndogo, injini inatulia kwenye mwendo mkubwa lakini msukumo wa gurudumu unapungua, na hiyo nitaiita difu ya mwendo.

Kwa nini namba hiyo iguse mafuta, wakati gari ni lilelile na barabara ni ileile?

Nguvu inayohitajika kulisukuma gari kwa kilomita 90 kwa saa kwenye tambarare haibadiliki kwa sababu ya difu. Upepo unaolikabili gari, uzito wake na ulaini wa barabara vinadai kilekile. Kinachobadilika ni gharama ambayo injini inajitoza yenyewe ili kuitoa nguvu hiyo. Kila mzunguko mmoja wa injini una pistoni zinazosuguana na kuta za silinda, beringi zinazosuguana na oili, valvu zinazosukumwa, pampu ya maji na pampu ya oili zinazoendeshwa. Msuguano huo hulipwa kwa mafuta, na mizunguko ikiwa mingi malipo nayo huwa mengi. Injini inayotoa nguvu ileile kwa mizunguko michache zaidi, huku kila mlipuko ukifanya kazi kubwa zaidi, kwa kawaida hutumia mafuta kidogo zaidi.

Injini za petroli zina hasara nyingine ya ziada. Zinadhibitiwa kwa kuzuia hewa inayoingia, na unapokanyaga kidogo tu mlango wa hewa unakuwa karibu umefungwa, hivyo pistoni zinavuta kwa shida kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Difu ya mwendo hulazimisha mlango huo ufunguke zaidi, na hasara hiyo inapungua. Injini ya dizeli haidhibitiwi kwa kuzuia hewa namna hiyo, ndiyo maana mwenye dizeli hufaidika kidogo kuliko mwenye petroli anapobadili difu.

Nitajuaje injini yangu inazunguka mara ngapi kwa mwendo fulani?

Kama dashibodi yako ina saa ya mizunguko, soma hapo. Kama haina, hesabu si ngumu. Geuza mwendo wako kuwa mita kwa dakika, ugawanye kwa mzingo wa tairi kwa mita, kisha uzidishe kwa uwiano wa difu na uzidishe tena kwa uwiano wa gia uliyomo.

Tuchukue pikapu yenye tairi za 265/65R17, ambazo mzingo wake ni takriban mita 2.44, na giaboksi ambayo gia yake ya tano ni 0.85. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda mita 1,667 kwa dakika, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara 683 hivi. Likiwa na difu ya 4.100, injini itazunguka karibu mara 2,380 kwa dakika. Likiwa na difu ya 3.909 itazunguka karibu mara 2,270, na likiwa na 3.583 itazunguka karibu mara 2,080. Ukiwa na 4.556, utakuwa karibu na 2,650.

Usisahau kuihesabu gia ya juu. Watu hulinganisha difu ya gari moja na ya jingine kana kwamba giaboksi hazipo. Gari lenye difu ya 4.300 na gia ya juu ya 0.72 linaizungusha injini karibu sawa na lenye difu ya 3.583 na gia ya juu ya 0.85, ikiwa tairi ni za ukubwa mmoja. Zidisha kwanza ndipo ulinganishe.

Nikitoka 4.100 kwenda 3.583, nitaokoa kiasi gani?

Mizunguko itapungua kwa asilimia 12 na ushee, na hapo ndipo wengi hudhani kwamba mafuta nayo yatapungua kwa asilimia 12. Sivyo. Msuguano wa ndani ya injini ni sehemu tu ya matumizi yote. Sehemu kubwa ya kazi ya injini inakwenda kwenye kuupasua upepo, kuzungusha tairi na kupanda milima. Makadirio ya busara kwa mabadiliko ya kiasi hicho ni asilimia 2 hadi 5 kwenye barabara tambarare, kwa mwendo usiobadilika, gari likiwa halijazidiwa. Mwenye petroli anaweza kukaribia upande wa juu, na mwenye dizeli akae upande wa chini. Anayekuahidi robo ya tenki anakuuzia difu.

Mbona madereva wa Marekani wanasifu sana difu za mwendo?

Kwa sababu barabara zao na kazi zao zinawaruhusu. Huko pikapu kama Ford F-150 imekuwa ikiuzwa kwa chaguo la uwiano wa 3.31, 3.55 au 3.73, na mnunuzi huchagua kulingana na kama atavuta trela au la. Barabara zao kuu nyingi zinaruhusu kilomita 105 hadi 120 kwa saa, na gari linaweza kukaa kwenye gia ya juu kwa saa nzima bila kuguswa. Injini zao pia ni kubwa, zina nguvu ya akiba ya kutosha kubeba difu ya mwendo hata kwenye mwinuko mdogo. Ushauri wao ni sahihi mahali ulipotolewa. Ukiuleta hadi mlima Kitonga au kwenye barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, lazima uupime upya.

Kwenye milima yetu, difu ya mwendo inasaidia au inaumiza?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake ni kwamba difu ya mwendo inaokoa mafuta kwa muda ule tu ambao gari linaweza kuibeba gia ya juu. Dakika unayolazimika kushusha gia, faida imekwisha, na mara nyingi inageuka hasara.

Turudi kwenye pikapu yetu ya mfano, safari hii ikiwa imepakia viazi kutoka Umalila au mbao kutoka Mafinga, na inakwenda kilomita 80 kwa saa kwenye mwinuko mrefu usio mkali, kama ile iliyopo njia ya Makambako kwenda Njombe. Ikiwa na difu ya 4.100 kwenye gia ya tano, injini inazunguka karibu mara 1,900 na inavuta bila kulalamika. Ikiwa na 3.583 kwenye gia hiyohiyo, inazunguka karibu mara 1,660, inaanza kugugumia, na dereva anaweka gia ya nne ambayo uwiano wake ni moja kwa moja, yaani 1.00. Hapo injini inazunguka karibu mara 1,960. Fedha zimelipwa, difu imebadilishwa, na mizunguko ni mingi kuliko ya awali.

Kwenye mlima mkali hali huwa mbaya zaidi. Unapanda Kitonga nyuma ya semi-trela kwa kilomita 40 kwa saa, na nafasi ya kulipita hakuna. Gia ya tatu ya gari letu ni 1.44 na ya pili ni 2.33. Difu ya 4.100 kwenye gia ya tatu inaipa injini mizunguko karibu 1,610, ambayo dizeli yenye turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa, inaimudu. Difu ya 3.583 kwenye gia ya tatu inaipa karibu 1,410. Turbo haijaamka vizuri, gari linatetemeka, moshi unatoka, na unalazimika kuweka gia ya pili. Sasa injini inazunguka karibu mara 2,280. Aliyebadili difu ili injini itulie anasikia injini yake ikipiga kelele kwa kilomita kadhaa za kona, na rejeta inapata kazi ambayo haikuwa nayo.

Ning'ang'anie jambo moja zaidi hapa. Kugugumia kwa injini si kuokoa mafuta. Dereva anayeogopa kushusha gia kwa sababu anadhani mizunguko michache daima ni nafuu, huishia kukanyaga hadi chini, akimwaga dizeli isiyoungua yote na kuisumbua klachi, krankshafti na beringi zake. Injini ina eneo lake la kufanya kazi kwa raha, na difu inayofaa ni ile inayoiweka hapo kwa sehemu kubwa ya safari zako halisi.

Ipo pia gharama ambayo hakuna difu inayoweza kuikwepa. Kuinua gari la tani mbili na nusu kwa mita 1,000 kwenda juu, kama anavyofanya mtu anayetoka Kyela na ndizi au mchele kuja Mbeya, kunadai karibu lita mbili za dizeli juu ya zile za kusukuma gari mbele, hata kama injini ni nzuri. Mlima unadai kwa kipimo cha uzito na kimo, na haujali kama difu yako ni ya nguvu au ya mwendo.

Mwinuko wa nchi yenyewe, yaani hewa ya Mbeya na Iringa, una uhusiano wowote na jambo hili?

Una uhusiano mkubwa, na mara nyingi husahaulika. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu yake kwa kila mita 100 za kimo, kwa hiyo gari lenye dizeli ya kawaida ambalo Kibaha lilikuwa zima, likifika Mbeya linakuwa limepungukiwa karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu. Ukiliongezea difu ya mwendo, umelipunguzia tena msukumo. Kwa magari ya namna hiyo, na bado yapo mengi yanayofanya kazi ngumu vijijini, ushauri wangu ni kuiacha difu ya kiwandani kama ilivyo. Ikiwa ni 4.100 au zaidi, ndiyo inayolifaa.

Turbo huisukumia injini hewa na hivyo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, ndiyo maana dizeli za kisasa zinapanda hapa kwa nguvu karibu ileile waliyoizoea madereva wa pwani. Tena hewa nyepesi inapunguza upinzani wa upepo kwa gari lolote, lenye turbo au lisilo nayo. Ni faida ndogo, lakini ipo.

Je, kubadili tairi ni sawa na kubadili difu?

Kwa namna fulani ndiyo. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo athari yake ni ile ya difu ya mwendo. Mtu akitoka tairi za 205R16, zenye mzingo wa takriban mita 2.33, akaweka 265/70R16 zenye takriban mita 2.44, amepunguza mizunguko ya injini kwa karibu asilimia 4.5, difu yake ya 4.100 sasa inafanya kazi kana kwamba ni 3.92 hivi.

Lakini tairi kubwa si difu tupu. Ni nzito zaidi, ni pana zaidi, zinakata upepo zaidi, na zile zenye meno makubwa ya tope hunguruma na kula nguvu kwenye lami. Mara nyingi faida ya mizunguko iliyopungua humezwa na hasara hizo. Anayetaka tairi kubwa kwa ajili ya tope la masika ana sababu nzuri ya kuzinunua, ila asizinunue kwa kutarajia kuokoa mafuta.

Nimebadili difu, na hesabu inaonyesha gari sasa linakula zaidi. Kulikoni?

Kagua kwanza kipimo kabla ya kumlaumu fundi. Kwenye pikapu nyingi, hasa za zamani, mwendo na kilomita husomwa kutoka kwenye mzunguko wa shafti ya nyuma ya giaboksi. Ukiweka difu ya 3.583 badala ya 4.100, propela inazunguka mara chache zaidi kwa umbali uleule, na dashibodi haijui kwamba difu imebadilika. Ukiwa unakwenda kilomita 100 kwa saa kwa kweli, mshale utaonyesha 87 hivi, na safari ya kilomita 100 itaandikwa kama kilomita 87. Ukigawanya lita zako kwa kilomita pungufu, gari litaonekana lafi hata kama limeanza kuokoa.

Hatari ya jambo hili haiishii kwenye hesabu. Mshale ukionyesha 50 kijijini Igurusi au Ilula, wewe unakwenda 57, na watoto wanaovuka barabara hawaijui difu yako. Rekebisha gia ya spidi mita au mwombe fundi umeme alirekebishe hilo kabla gari halijarudi barabarani. Tairi kubwa huleta kosa la namna hiyohiyo, kwa kiasi kidogo zaidi.

Nitajuaje difu niliyonayo bila kuifungua?

Kibao cha utambulisho kilichopigwa kwenye bodi au ndani ya boneti huwa na alama za giaboksi na ekseli, na muuza spea mwenye orodha ya kampuni anaweza kuzisoma. Tatizo ni kwamba gari la mtumba huenda limebadilishwa difu zamani, na kibao hakijui. Njia ya kuamini ni kuhesabu mwenyewe.

Weka gari mahali tambarare, fungia mawe magurudumu ya mbele, pandisha ekseli ya nyuma hadi magurudumu yote mawili yaachane na ardhi, ulaze ekseli juu ya stendi imara na si juu ya jeki peke yake. Giaboksi iwe frii na hendibreki iachiwe. Chora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi. Mtu mmoja na mwenzake wazungushe magurudumu yote mawili kwa pamoja, kwa mwelekeo mmoja, mizunguko kumi kamili, huku mtu wa tatu akihesabu mstari wa propela unavyopita. Ikihesabiwa 41, difu ni 4.1, ikihesabiwa 39 na kidogo, ni 3.909, ikiwa karibu 36, ni 3.583. Mizunguko kumi inakupa usahihi ambao mzunguko mmoja hauwezi kukupa, kwa sababu kosa dogo la jicho linagawanywa kwa kumi.

Kama unaweza kuinua gurudumu moja tu la nyuma, na difu haina loki ya kuyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, zungusha gurudumu hilo mara ishirini badala ya kumi. Lile lililogusa ardhi limesimama, kwa hiyo krauni inazunguka nusu ya gurudumu lililo hewani.

Pikapu yangu inavuta magurudumu manne. Naweza kubadili difu ya nyuma peke yake?

Hapana. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Zikitofautiana, siku utakayoweka magurudumu manne kwenye njia ngumu magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda kwa kasi tofauti, na kinachokwenda kupasuka ni gia, shafti au giaboksi ndogo ya kugawa nguvu. Wapo wanaosema hawatumii magurudumu manne kamwe, hivyo haijalishi. Gari huuzwa, huazimwa, na huendeshwa na kijana asiyeambiwa. Badili zote mbili au usibadili kabisa, na gharama yake uihesabu mara mbili tangu mwanzo.

Vipi kuhusu gia otomatiki?

Kanuni ni ileile, ila giaboksi ndiyo inayoamua kushusha gia badala yako. Difu ikiwa ya mwendo kupita uwezo wa injini, otomatiki itakuwa ikipanda na kushuka gia kila baada ya muda mfupi kwenye miinuko, kigeuza nguvu chake kitakuwa kinaachia mshiko mara kwa mara, na mafuta ya giaboksi yatapata moto. Hapo hakuna akiba yoyote.

Difu ya mwendo inabadilisha chochote ninaposhuka mlima?

Inabadilisha, na naomba hili lisomwe kwa makini. Unaposhuka Kitonga, Inyala au Iwambi kwa gia, injini ndiyo inayolishikilia gari, na ushikaji huo hupita kwenye difu. Difu ya 3.583 inashika kwa nguvu ndogo kuliko 4.100 kwenye gia ileile, kwa asilimia 12 hivi. Dereva aliyezoea kushuka kwa gia ya tatu atajikuta anakanyaga breki zaidi, na breki zikipata moto hupoteza nguvu pale unapozihitaji. Baada ya kubadili difu, jizoeze kushuka kwa gia moja chini ya ile uliyoizoea.

Na kuweka gari frii kwenye mteremko ili kuokoa mafuta ni kosa kwa difu yoyote. Injini za kisasa zenye mfumo wa kompyuta hukata mafuta kabisa unapoachia pedali gari likiwa kwenye gia, wakati likiwa frii injini lazima ichome mafuta ili isizime. Aliye frii anakula zaidi, na hana kitu cha kumshika.

Kazi yenyewe inagharimu kiasi gani, na inarudisha fedha zake lini?

Bei za spea zinabadilika, kwa hiyo ni bora kufanya hesabu kwa lita. Chukua pikapu inayokula lita 10 kwa kilomita 100 na inayotembea kilomita 20,000 kwa mwaka. Inatumia lita 2,000. Ikiwa difu mpya inaokoa asilimia 4 kwa kweli, umepata lita 80 kwa mwaka. Zidisha kwa bei kikomo ya Mbeya inayotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi, kisha ulinganishe na bei ya krauni na pinieni, beringi, sili, oili na ufundi, mara mbili kama gari lina magurudumu manne. Kwa wengi wa wanaopakia mizigo milimani, lita 80 hizo hazifiki hata nusu, kwa sababu ya kushusha gia niliyoieleza juu.

Ubora wa fundi pia uingie kwenye hesabu. Krauni na pinieni hupangwa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma, hadi nafasi kati ya meno na mgusano wake uwe sawa, na fundi mzuri hupaka rangi kwenye meno ili aone yanapokutana. Difu iliyopangwa vibaya huvuma kwenye mwendo, hupata moto na kula meno yake. Ukipata difu nzima ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina hiyohiyo na isiyowahi kufunguliwa, mara nyingi ni salama kuliko gia mpya zilizofungwa kwa kubahatisha.

Basi ni nani anayefaa kubadili?

Mwenye petroli au dizeli ya turbo, ambaye gari lake halipakii mizigo mizito, anayesafiri mara nyingi barabara kuu ya lami, na ambaye difu yake ya sasa inaizungusha injini zaidi ya mara 2,700 kwa kilomita 100 kwa saa. Huyo ana nafasi ya kufaidika. Kushuka kwa kiasi, kwa mfano kutoka 4.556 hadi 4.100, kutamletea utulivu anaoweza kuusikia kwa sikio.

Anayepakia viazi, mbao, parachichi au saruji kila wiki aiache difu yake. Tena kama alishaweka tairi kubwa na sasa gari linazidiwa milimani, huenda anachohitaji ni difu ya nguvu zaidi, na akiiweka anaweza kushangaa kuona mafuta yamepungua, kwa kuwa gari limerudi kwenye gia ya tano kule ambako lilikuwa linahangaika na ya nne.

Kama si difu, nianzie wapi?

Anza na mwendo. Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo: kwa kilomita 100 kwa saa ni mkubwa kwa asilimia 56 kuliko kwa kilomita 80. Dereva anayeshuka kutoka 100 hadi 80 anapunguza upepo na mizunguko ya injini kwa pamoja, bila kununua chochote. Kisha pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, ondoa keria na vyuma vya juu visivyo na kazi, funga turubai lisipepee, badili oili ya difu kwa wakati na utumie yenye unene uliotajwa na kiwanda. Angalia pia kama breki moja inashika: baada ya safari, kwa uangalifu, sogeza mkono karibu na rimu bila kuzigusa, ile yenye joto kupita wenzake ndiyo inayokuibia.

Nipime vipi ili nijue ukweli kabla na baada?

Chagua njia ya kwenda na kurudi, ili miinuko ya kwenda ifutwe na miteremko ya kurudi. Kipande cha Igurusi hadi Igawa kupitia Chimala ni kizuri kwa kupima mwendo wa tambarare, na Uyole hadi Makambako ni kizuri kwa kupima kazi halisi. Jaza tenki kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama upande uleule, na uache mara pampu inapojikata yenyewe, bila kuongeza kwa kutikisa gari. Umbali upime kwa simu au kwa nguzo za kilomita, si kwa dashibodi, kwa sababu tulizozieleza. Beba uzito uleule, weka mwendo uleule, na usipime siku moja ya mvua ukalinganisha na siku ya jua. Andika lita, kilomita, mzigo na idadi ya mara ulizolazimika kutoka gia ya tano. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuambia mapema kuliko zote kama difu uliyonayo inalingana na njia unayopita.